Mgonjwa wa kisukari anapotaka kufunga Ramadhani

Kumwambia mgonjwa wa kisukari "wewe usifunge" huchukua sekunde chache, na jibu hilo lina hoja nzito. Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, uliofanyika katika nchi 13, ulionyesha kwamba wakati wa Ramadhani kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka vibaya kuliongezeka takriban mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Dini yenyewe imeacha mlango wazi: aya ya 184 ya Suratul Baqara inamruhusu mgonjwa kula, na wanazuoni wameeleza habari ya kulipa au kutoa fidia. Anayekataza, basi, hapigani na imani ya mtu.

Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba karibu asilimia 79 ya wagonjwa wa aina ya pili walifunga angalau siku 15. Katazo tupu haliwazuii. Linawafanya wanyamaze, kisha kila mmoja ajipangie dawa nyumbani: huyu anaruka kidonge cha mchana, yule anameza viwili kwa pamoja usiku. Hapo ndipo hatari inapokua, kwa kuwa mhudumu hajui lolote.

Mazungumzo yaanze wiki sita hadi nane kabla, yaani tangu Rajabu. Metformini, kidonge cha kisukari, haileti shida kubwa. Anayemeza mara tatu kwa siku huunganisha dozi ya mchana na ya futari. Glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, ndiyo ya kuogopa, kwani hufanya kazi muda mrefu na kushusha sukari alasiri, tumbo likiwa tupu. Ni bora ibadilishwe kuwa gliklazidi, dawa ya jamii hiyohiyo. Kwa insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya muda mrefu pamoja) ya mara mbili kwa siku, dozi ya asubuhi huhamia futari, na ya jioni huhamia daku ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 25 hadi 50. Haya hupangwa na daktari, mgonjwa asijibadilishie. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 mmol/L, afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Wanazuoni wengi wanasema kujidunga kidole kupima hakuvunji saumu, na mgonjwa aambiwe hilo, maana wengi huacha kupima kwa hofu hiyo.

Wanaokataza wana pingamizi la kweli: vijiti vya kupimia vinagharimu, gliklazidi haipatikani kila zahanati, na foleni ni ndefu. Asiye na kipimo nyumbani na anayetumia insulini, nadhani ashauriwe waziwazi asifunge. Vivyo hivyo mjamzito anayetumia insulini, anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, na aliyelazwa karibuni kwa sukari kupanda sana. Kumheshimu mgonjwa hakumaanishi kumficha ukweli huo. Akitaka, imamu wake ahusishwe. Neno lake hupokewa pale ambapo la daktari halifiki.

Wala jina la Kiislamu lisimfanye muuguzi adhani kwamba mgonjwa atafunga. Yupo asiyekusudia kufunga, na huyo asihojiwe imani yake. Swali liwe moja: "Mwaka huu unakusudia kufunga?" Jibu liandikwe kwenye kadi pamoja na dozi mpya, na tarehe ya kurudi iwekwe mara baada ya Idi, kwa sababu anayeendelea na dozi kubwa ya jioni huku amerudia chai ya asubuhi na chakula cha mchana anaweza kushukiwa na sukari usingizini.