Bayocha haiondoi metali ya risasi shambani, huifunga tu

Wauzaji wa bayocha wameshika neno "kusafisha udongo", na mimi neno hilo linaniudhi. Mkaa huu wa mabaki ya mimea, uliochomwa kwa hewa kidogo, hausafishi kitu. Risasi iliyomo kwenye tuta la mchicha bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, itabaki humo humo, ila mizizi itaipata kwa shida. Ukipima jumla ya risasi kabla na baada utakuta namba ileile, udhani umetapeliwa. Mwambie mtu wa maabara akupimie ile sehemu inayoyeyuka, kisha apime majani yenyewe: kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, na 0.2 za kadimiamu, metali nyingine yenye sumu.

Pamoja na hayo naiunga mkono, maana kuchimba na kuhamisha udongo wa eka nzima hakuna mkulima wa mboga anayekuweza.

Kwa risasi, tumia iliyotiwa fosfati. Fosfati hushikana na risasi ikawa madini yasiyoyeyuka kirahisi. Choma pumba za mpunga au magunzi, joto lifike nyuzi 500 hivi. Majivu meupe yakizidi, ujue hewa imeingia mno. Zima kwa maji, uiponde ingali na unyevu (vumbi lake ni baya kwa mapafu) mpaka ipite kwenye chekeche la milimita 2. Koroga kilo 1 ya TSP, mbolea ya fosfati, kwenye lita 40 za maji, loweka humo kilo 20 za bayocha usiku kucha, kisha anika. Tope la TSP lililobaki chini usilimwage, lichanganye humo humo. Na usichome vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa: nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Tuta la mita 10 kwa 1, kina cha sentimita 15, lina karibu tani 2 za udongo. Bayocha iwe asilimia 2 yake, yaani kilo 40. Anayenyunyiza ndoo moja juu juu anajichosha bure. Changanya kwa jembe hadi chini, mwagilia, acha wiki tatu ndipo upande. Pima pH, yaani uchachu wa udongo: ikivuka 7.5, majani machanga huanza kuwa njano katikati ya mishipa kwa kukosa chuma. Kando kabisa ya mto punguza fosfati, mafuriko yataibeba.

Aseniki ni habari nyingine. Fosfati huisukuma itoke kwenye chembe za udongo, na pH ikipanda huzidi kulegea, kwa hiyo dawa ya risasi inaweza kuiongeza kwenye mboga. Karibu na machimbo ya dhahabu usitumie fosfati kabla ya kupima aseniki. Huko hutakiwa bayocha iliyotiwa chumvi ya chuma.

Vumbi la barabarani linalotua kwenye majani, bayocha hailigusi. Osha sana, au panda bamia na nyanya badala ya mchicha. Na kama unamwagilia maji ya mto uleule wenye taka za viwanda, metali mpya inaingia kila jioni. Tafuta kwanza maji mengine, nayo uyapime, ndipo uwashe pipa la kuchomea bayocha.