Mhazeli unaota, je, utalipa?

Mhazeli, mti unaozaa njugu ziitwazo hazeli, unachanua wakati mimea mingine yote imelala. Februari, katika bonde la mto Fraser mashariki ya Vancouver, Kanada, matawi hayana hata jani moja, lakini yamening'iniza vishada vya manjano vyenye urefu wa kidole, na siku kavu ukilitikisa tawi, chavua inapaa kama unga. Ua jike usipoonyeshwa hulioni: ni nyuzi nyekundu chache zinazochungulia kutoka kwenye tumba, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nyuki hana kazi hapo, yote ni ya upepo. Na chavua ikishatua, mti unangoja miezi minne au mitano ndipo utungisho wenyewe ufanyike.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila unapozuka ubishi kuhusu kilimo cha hazeli katika pwani hii ya jimbo la British Columbia, mtu wa kwanza huuliza kama itaota kwa baridi hii. Itaota. Mti huu bila baridi ya kutosha hauamki vizuri, na baridi ya pwani, isiyo kali mno, huyaacha maua salama. Mhazeli wa Ulaya unajiotea wenyewe hadi kaskazini ya Norwe. Katika kisiwa cha Colonsay, magharibi ya Uskoti, wanaakiolojia walifukua malaki ya maganda ya hazeli zilizochomwa na watu yapata miaka 9,000 iliyopita. Mimi ningeuliza habari ya ugonjwa, na ya soko.

Ugonjwa unaletwa na fangasi iitwayo Anisogramma anomala. Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, ambako inaishi kwenye mihazeli ya porini bila kuiumiza sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeshajulikana kusini-magharibi mwa jimbo la Washington. Mwaka 1986 ikakutwa katika bonde la Willamette, Oregon, linakotoka karibu hazeli yote ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa imefika huku Fraser, na mashamba ya zamani yakaanza kufa. Ubaya wake ni ukimya. Inaingia wakati machipukizi yanafunguka na mvua inanyesha, kisha mwaka mzima au zaidi mkulima haoni kitu. Halafu kwenye gome yanatokeza manundu meusi yaliyojipanga safu, kama mshono wa kidonda. Tawi linakauka, na lingine, na lingine. Zile mvua ndefu za machipuko ambazo pwani hii inasifika kwazo ndizo zinazoisambaza.

Wanaohimiza watu wapande wana hoja nzito. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kiliutumia mhazeli wa kizamani, Gasaway, uliokuwa ukipandwa kwa ajili ya chavua tu, baada ya kuonekana kwamba ugonjwa hauugusi. Kutokana nao zikazalishwa aina za Yamhill, Jefferson, Wepster na nyinginezo, na miche ikarudi mashambani. Tena mti huu hautaki jeshi la wachumaji kama bluberi za jirani. Njugu zinadondoka zenyewe Septemba na Oktoba, mashine inazizoa chini.

Hapo ndipo ninapositasita. Kinga ya Gasaway imebebwa na jeni moja tu, chembe moja ya urithi. Huko New Jersey, mashariki ya Marekani, fangasi imeshaipenya, na miaka ya karibuni hata Oregon kwenyewe ugonjwa umeonekana kwenye miti iliyopandwa kwa kuaminiwa kuwa ni sugu. Mwenye ekari ishirini zote zenye kinga hiyo hiyo amefunga milango yake yote kwa kufuli moja. Zipo aina mpya za Chuo Kikuu cha Rutgers, hukohuko New Jersey, zenye kinga ya namna nyingine, ila zimelelewa kwenye joto la mashariki, si kwenye matope yetu.

Na matope si maneno tu. Abbotsford, mji wa bonde hili, hupata kiasi cha milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, mara moja na nusu ya Salem kule Willamette, na mvua hurudi Oktoba hasa, njugu zikiwa zimelala chini. Zikikaa humo zinaota ukungu. Lazima ziokotwe mapema, zioshwe, zikaushwe kwa mashine, na mashine hiyo ekari mbili haziwezi kuilipia. (Kindi na kunguru sijawahesabu, wao huvuna kabla yako.)

Soko nalo linaongozwa na wengine. Uturuki inatoa karibu theluthi mbili za hazeli ya dunia, kwenye miteremko ya Bahari Nyeusi. Waarabu huiita bunduq, nasi neno hilo tunalo bila kujua: liliihama njugu likashika kidonge cha kurushwa, kisha chombo chenyewe cha kukirushia, tukalipokea kama bunduki. Basi mwishoni mwa Machi 2014 baridi kali ilipounguza maua huko Uturuki, bei ilipanda duniani kote. Mwaka 2018 ushuru wa China kwa bidhaa za Marekani ukaivuta chini bei ya Oregon. Mkulima wa Fraser hakuwa na neno la kusema mara zote mbili.

Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuwa na ardhi na kipato kingine, ningemwambia apande ekari chache, achanganye aina, auze mwenyewe njugu mbichi za mwaka huo, ambazo duka kubwa halina. Anayetaka kukopa anunue ardhi ya bonde hili kwa ajili ya mhazeli, hapana. Mti utaanza kumpa kitu cha maana mwaka wa nne au wa tano, benki itadai mwezi ujao.

Shamba nililotembelea Februari, karibu na Agassiz, lina aina tatu zilizopishana mistari, safi kabisa. Ng'ambo ya uzio kuna mihazeli miwili ya jirani, ya zamani, gome limeshonwa meusi kuanzia shina hadi ncha. Mwenye shamba ameomba mara mbili ikatwe. Jirani anasema ilipandwa na marehemu baba yake.