Kati ya Macho na Masikio, Fundi wa Muziki Aombe Abakiwe na Nini?

Jioni moja barazani Malindi, hapa Unguja, baada ya sala ya isha, kijana mmoja mpiga fidla aliwatupia wazee wawili swali ambalo pengine mwenyewe hakulipima sana: fundi wa muziki akiwa hana budi kupoteza kimoja, macho au masikio, kipi kitamuumiza zaidi? Mzee wa kwanza alijibu kabla kikombe chake cha kahawa hakijarudi kwenye sinia, akasema kwamba uziwi ndio mwisho wa fundi na hapana haja ya mjadala. Mzee wa pili, ambaye ujanani alikuwa mpiga udi wa kutegemewa, hakukubali, na alitoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Beethoven alitunga akiwa kiziwi, na mpaka leo dunia inamsikiliza. Ya pili ilikuwa yeye mwenyewe: tangu mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, hajaitwa harusini hata mara moja, ingawa vidole vyake havijasahau kitu.

Mimi naelekea kwa mzee wa kwanza, lakini si kwa wepesi aliojibu nao, kwani hoja za mwenzake zinastahiki kujibiwa.

Hoja ya Beethoven ina nguvu kwa sababu ni ya kweli. Masikio yake yalianza kumsumbua kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1802, akiwa Heiligenstadt karibu na Vienna, aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuituma, akieleza fedheha ya kushindwa kuwaambia watu wapaze sauti kwa kuwa yeye hasikii vizuri. Kuanzia mwaka 1818 hivi wageni wake walikuwa wakimwandikia maneno yao kwenye madaftari. Simfoni yake ya tisa ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, ilibidi mmoja wa waimbaji amgeuze awaelekee watu, ndipo alipoona kwamba wanampigia makofi.

Lakini usiku ule ule unaweza kusomwa kwa namna nyingine. Beethoven alikuwa amesimama mbele ya wapigaji akitoa ishara, ila aliyewaongoza hasa alikuwa Michael Umlauf, na wapigaji walikwishaambiwa wamfuate yeye, si mtunzi. Kupiga piano mbele ya watu alikuwa ameacha miaka 10 kabla. Kwa hiyo uziwi ulimwachia utunzi na kumnyang'anya upigaji, na hata huo utunzi ulisalimika kwa sababu mbili ambazo si kila fundi anazo: alikuwa na miaka mingi ya kusikia iliyokwisha kuhifadhika kichwani, na alikuwa na nota, yaani maandishi yanayoweza kuwafikisha wapigaji mahali ambapo masikio ya mtunzi hayafiki.

Hapa kwetu karatasi, kwa kawaida, hubeba shairi tu. Tangu enzi za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar kilichoasisiwa mwaka 1905, mtindo uliozoeleka ni mshairi kuandika beti, fundi kuzitia sauti, kisha sauti hiyo kupigwa na kurudiwa mazoezini mpaka fidla zote zikae pamoja. Nota zinasomeshwa siku hizi, na kile chuo cha muziki kilichoanzishwa Forodhani mwaka 2002 kimelea vijana wengi wanaozisoma bila taabu. Hata hivyo, hazina kubwa ya taarab haikupita huko. Siti binti Saad, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, hakusoma skuli. Beti zake na sauti zake alizibeba kifuani, na zote zilimwingia kwa mlango mmoja. Fundi wa aina hiyo akizibwa mlango ule, hana kalamu ya kumwokoa.

Niliwahi kukaa karibu na mpiga ganuni akiandaa ala yake kabla ya mazoezi, na tangu siku ile sijaweza kulijibu swali hili bila ya kumkumbuka. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kando ya kila fungu mna vijiti vidogo vya chuma vinavyoinuliwa au kulazwa ili sauti ipande au ishuke kidogo. Alitia ufunguo, akaugusa uzi mmoja pamoja na mwenziwe, akasikiliza ule mtetemo unaotoka pale nyuzi mbili zinapokaribia kupatana lakini bado hazijapatana, akakaza kwa kiasi ambacho jicho langu halikuona ufunguo ukizunguka, akagusa tena, mpaka mtetemo ukatulia na nyuzi mbili zikawa kama uzi mmoja. Akahamia kwenye uzi wa tatu. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na muda wote huo alikuwa amefumba macho. Watu walipoingia wakamsalimia, aliitikia bila ya kuyafumbua.

Ugumu wenyewe unaongezeka katika maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Katika Rast, kwa mfano, sauti ya tatu haimo kwenye vitufe vya piano kabisa: hukaa katikati, juu kidogo ya kitufe kimoja na chini kidogo ya kingine, na fidla zote sita au saba zinapaswa kuifikia pamoja. Hakuna alama kwenye shingo ya fidla inayoonyesha mahali pa kuweka kidole. Anachofanya mpigaji ni kumsikiliza aliye kando yake, akajisogeza kwa unywele mmoja, na yule naye akajisogeza. Taarab ni mazungumzo ya namna hiyo, na kiziwi hata akiwa na vidole vya dhahabu atakuwa anazungumza peke yake.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa Evelyn Glennie wa Scotland, aliyepoteza sehemu kubwa mno ya usikivu wake alipofika umri wa miaka 12 na bado akawa miongoni mwa wapigaji mashuhuri duniani, akipiga pekupeku ili mitetemo impande kutoka sakafuni. Nauheshimu mfano huo, na anayetilia shaka akasimame karibu na ngoma kubwa aone kama kifua chake hakitaitikia. Lakini ala za Glennie ni za kugonga. Mitetemo ya ngoma nzito mwili unaipokea vizuri, ila tofauti ndogo kati ya sauti mbili za juu za fidla haipiti miguuni. Na hata ngoma zetu zina siri ya masikio: kabla ya mchezo hukanzwa kwenye moto wa makuti, na anayeamua kwamba ngozi sasa imekaza vya kutosha huigonga kwa kiganja akainamisha kichwa kuisikiliza.

Upande wa upofu, ushahidi ni mwingi hata unachosha kuutaja: Ray Charles, Stevie Wonder, Andrea Bocelli, na Joaquín Rodrigo wa Hispania aliyepofuka akiwa na miaka mitatu na akatunga kwa maandishi ya breli. Mimi navutiwa zaidi na Misri, kwa kuwa ndiko taarab yetu inakojinasibisha, tangu Sultani Barghash, kama inavyosimuliwa, alipompeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni. Kule fundi asiyeona si ajabu hata kidogo. Sayed Mekawy, mpiga udi asiyeona, alimtungia muziki Umm Kulthum mwenyewe, mwimbaji mkubwa wa Misri. Sheikh Imam, mwimbaji na mtunzi, hakuwa na macho. Sheikh Mohamed Rifaat, ambaye kisomo chake cha Kurani ndicho kilichofungua Redio ya Misri mwaka 1934, alipofuka utotoni.

Sababu yake haipo mbali na sisi. Mtoto asiyeona alipelekwa chuoni kuhifadhi Kurani, na katika kuhifadhi alifunzwa tajwidi, pumzi, na kupanda na kushuka kwa sauti, mambo ambayo ndiyo msingi wa uimbaji. Isitoshe, jambo hili lina asili ya zamani zaidi: Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa akiadhini Madina pamoja na Bilal. Kipofu alikabidhiwa sauti ya mji mzima. Sioni namna ambavyo kiziwi angeweza kukabidhiwa.

Basi mbona mzee wa Malindi haitwi harusini? Hapa ndipo hoja yake ya pili inaponizuia nisimalize haraka. Taarab si sauti peke yake. Shughuli huanza usiku na kwisha usiku zaidi, fundi anapita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye mabaraza, ngazi na pikipiki zisizopunguza mwendo, na pengine wiki ijayo kikundi kinapanda meli kwenda Pemba. Akiwa haoni, lazima awe na mtu wa kumshika mkono kwenda na kurudi, na mtu huyo naye anataka nauli na chakula. Kiongozi wa kikundi anapopiga hesabu, ni rahisi kumwita kijana anayekuja kwa miguu yake.

Kisha kuna ukumbi wenyewe. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye fumbo, mwanamke mmoja huinuka na noti mkononi, ameinyanyua juu, anakwenda kwa madaha kufuata mapigo, na badala ya kunyooka moja kwa moja kwa mwimbaji huzunguka kwanza akapita mbele ya meza ya yule anayemkusudia. Ukumbi mzima unaelewa. Mwimbaji mzoefu akiliona hilo huurudia ubeti, mara mbili, mara tatu, na wapigaji wanaomtazama wanajua kwamba kituo kimeahirishwa. Asiyeona atasikia vigelegele, lakini hatajua nani kamzungukia nani, na ubeti uliostahili kurudiwa unaweza kumpita. Hasara hiyo ni ya fedha na ni ya sanaa pia.

Hata hivyo, hasara hizi zina sifa moja inayozitenganisha na za uziwi: karibu zote zinaweza kubebwa na mtu mwingine. Mkono wa mjukuu unatosha kwa vichochoro, na mwenzake wa kando anaweza kumgusa goti kumwambia rudia. (Umeme ulipokatika Unguja kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, sote tulikuwa vipofu usiku, na udi haukuhitaji taa.) Lakini hakuna mtu anayeweza kumsikilizia fundi sauti ya tatu ya Rast na kumwekea kidole mahali pake.

Tiba nayo inaegemea upande huo huo. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa ya upofu duniani, huondolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi ikawekwa, na mara nyingi mtu akaona tena, ingawa presha ya jicho ikishaharibu mshipa hairudishi kitu. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, ambazo zikifa kwa kelele au kwa uzee hazioti tena. Kipandikizi cha sikio husaidia sana kuelewa maneno, lakini kinafanya kazi kwa ncha 20 hivi za umeme mahali palipokuwa na maelfu ya chembe, na watumiaji wengi hulalamika kwamba muziki unawafikia umevurugika. Wataalamu wanapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu, kwa hiyo zikifika 100 zinabaki dakika 15. Sijapima spika za taarab ya kisasa, ila nimemwona mpiga kibodi aliyeketi kando yake tangu saa tatu usiku hadi saa nane akisema na mwenzake kwa kupiga kelele hata baada ya muziki kuzimwa.

Mafundi wote hawa, naona, wanahofia macho. Mzee wa udi mwenyewe hajaenda kupasuliwa kwa sababu ya woga, na wanawe wanambembeleza. Usiku ule barazani, yule kijana aliingia ndani, akautungua udi wa mzee ukutani, akapitisha kidole juu ya nyuzi zote, kisha akamwekea mapajani akidhani uko sawa. Mzee hakuupiga. Aliinamisha kichwa, akauliza ni nani aliyeulegeza uzi wa pili kutoka juu, na mkono wake ukaenda kwenye kigingi chenyewe bila ya kupapasa.