Golden Gate Quartet: mnatafuta besi, wao walikuwa na mapigo

Vikundi vingi vya akapela (kuimba bila ala) vinavyotaka kuimba kama Golden Gate Quartet, kundi la Marekani la nyimbo za dini, huanza kwa kumsaka mwenye besi nzito. Hapo ndipo vinapopotea. Vijana waliounda kundi hilo mwaka 1934 katika shule ya Booker T. Washington, Norfolk, Virginia, hawakuwashinda wenzao kwa uzuri wa sauti. Waliwashinda kwa mapigo.

Kwaya zetu zimezoea kumwachia soprano tuni. Kwa Golden Gate, kiongozi alikuwa Willie Johnson, sauti ya baritoni, yaani ya kiume iliyo kati ya teno na besi. Alisimulia visa vya Biblia nusu akiimba, nusu akisema, huku waimbaji wawili wa sauti ya teno, Henry Owens na William Langford, pamoja na Orlandus Wilson wa besi, wakirudia nyuma yake vipande vifupi vilivyokatwa ghafla. Mills Brothers, kundi jingine la waimbaji wa Marekani, walishaonyesha kwamba mdomo unaweza kuwa tarumbeta. Hawa wakaugeuza ngoma. Sikiliza “Golden Gate Gospel Train”: honi, kengele, mwendo wa treni, vyote ni midomo tu.

Wimbo huo ni mmoja wa nyimbo 14 walizorekodi Agosti 4, 1937, mjini Charlotte, North Carolina, kwa takriban saa mbili. Santuri ya inchi 10 ilibeba kama dakika 3, na sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Mmoja akiteleza ubeti wa mwisho, wote wanarudi mwanzo. Hebu piga hesabu uone walikuwa wamefanya mazoezi kiasi gani.

Mkitaka kujaribu, wekeni tuni kando kwanza. Semeni maneno mkipiga vidole, mpaka kila “t” na “k” ziangukie pamoja. Kisha yaimbeni kwa noti moja, ndipo mgawane sauti. Waitikiaji wapokezane pumzi. Wakivuta hewa kwa pamoja, mapigo yanakatika. Besi naye asiburuze noti: akichelewa, kundi zima linachelewa naye, na mara nyingi ufunguo (kimo cha wimbo mzima) unashuka bila mtu kugundua. Kwenye maikrofoni moja, anayewazidi wenzake kwa sauti arudi nyuma nusu hatua. Akipunguza nguvu badala ya kusogea, konsonanti zake zinalegea.

Baadaye waliongeza ala, na mwaka 1959 wakahamia Paris. Za kujifunzia ni zile rekodi za mwanzo za lebo ya Bluebird, ambazo hazina gitaa wala piano ya kuficha kosa.