Sindano ya seli shina gotini: usiuze shamba kwanza

Goti lililosagika huuma zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando, na huku Mbeya na Iringa mteremko haukwepeki. Ndiyo maana tangazo la seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) huwaingia watu haraka, maana linadai gegedu lililolika, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, litaota upya. Kwa ushahidi uliopo, dai hilo halijathibitishwa, na si haki mtu auze shamba la viazi kwa ajili yake.

Tazama kilichomo ndani ya bomba la sindano. Uboho hufyonzwa kwenye mfupa wa nyonga, huzungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yenye seli hudungwa gotini. Katika uboho huo, seli shina zinazotafutwa hazizidi moja kati ya 10,000. Daktari akivuta mililita nyingi kutoka tundu moja, anachopata ni damu zaidi kuliko uboho. Bidhaa za kitovu cha mtoto, ambazo pia hudungwa, nazo zina shaka yake: baadhi zilipopimwa Marekani hazikukutwa na seli shina hai.

Lakini watu hupata nafuu! Ni kweli. Mwaka 2017, madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 25 wenye maumivu magoti yote mawili: goti moja lilidungwa uboho, la pili maji ya chumvi. Yote mawili yalipata nafuu, na tofauti haikuonekana. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa watu wapatao 480, ukilinganisha aina tatu za seli na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina iliyoishinda steroidi, wala picha za MRI hazikuonyesha gegedu jipya la kujivunia. Maumivu ya goti la namna hii hupanda na kushuka, na mtu hukimbilia sindano yakiwa yamepanda. Yangeshuka hata bila sindano.

(Steroidi yenyewe si ya kuchezea, ikirudiwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, hupunguza gegedu.)

Anza na eksirei iliyopigwa ukiwa umesimama, kwa sababu ya kulala huficha jinsi mifupa ilivyokaribiana. Halafu msuli wa paja: kaa kwenye kiti, nyoosha goti, hesabu hadi tano, shusha polepole, mara 10, raundi tatu kila siku. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti lisilouma. Ukipanda tanguliza mguu usiouma, ukishuka tanguliza unaouma. Kilo moja ya mwili ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kupaka inatosha wengi. Ya kumeza kila siku ni hatari kwa mwenye presha au figo.

Aliyekwisha kudungwa, goti likiwa la moto, limevimba na homa imepanda, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2018 Marekani, wagonjwa 12 walipata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu. Maji ya goti yafyonzwe na kupimwa kabla ya kuanza antibayotiki, maana usaha unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache.