Hayo mazingira yamefanywa magumu na nani?

Neno "vulnerable" lilinikwamisha nusu siku nzima. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa mradi wa kijamii, nikaandika kama tulivyozoea: "watu wanaoishi katika mazingira magumu". Tulipousoma mbele ya kamati ya kijiji, mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, hayo mazingira yamefanywa magumu na nani?" Sikuwa na jibu. Hata Kiingereza chenyewe hakikunipa.

Azimio la Arusha la 1967 lilisema tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Kila kitenzi hapo kinadai mtenda, maana hakuna anayenyonywa pasipo mnyonyaji. Mtaani watu walisema kupe, mirija, kabaila, na hata asiyejua kusoma alielewa nani kashika mrija na nani ananyonywa. Baadaye wafadhili wakaja na masharti yao, na nyaraka nyingi zikaanza kufikiriwa kwa Kiingereza kwanza: "low-income", "marginalised", "poverty reduction". Hata MKUKUTA ya 2005, mkakati wa Tanzania wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, yenye jina la Kiswahili safi, inazungumzia kupunguza umaskini kama daktari anavyozungumzia kushusha homa. Aliyesababisha hatajwi.

Hilo linaniuma, lakini siwezi kudai kwamba lugha ya zamani haikuwa na makosa. Ilidhulumu watu. Katika msako wa 1983 wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, mwenye kiduka aliyekutwa na katoni za sabuni aliweza kuwekwa fungu moja na mlanguzi mkubwa, na wengine walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Mtu akishaitwa kupe, utetezi wake nani atausikiliza? "Kaya yenye kipato cha chini" ni maneno baridi, ila hayamtukani mtu, na yanapimika: unaweza kuhesabu kaya hizo mwaka huu na kuzihesabu tena mwaka ujao.

Na kuna neno la Kiingereza ambalo ningelitetea mbele ya yeyote: "equity". Sisi tunasema usawa, na usawa huo huo tunautumia kwa mambo mawili tofauti. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume aliyevuka umri wa ujana husimama mkutanoni na kuuliza, "Usawa uko wapi hapo?" Kwa maana ya kugawana sawasawa, ana hoja. Waingereza wana neno la pili la kumjibu, la kumpa kila mtu kulingana na alivyoachwa nyuma. Sisi inabidi tuzunguke sentensi tatu, na katikati ya mzunguko huo mkutano unakuwa umeshaanza kuzomea. "Mgawo wa haki" linakaribia, ingawa wengi wakilisikia hufikiria urithi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka tufute msamiati wote wa Kiingereza, wala na wale wanaouchukua mzimamzima. Neno linalotusaidia kupima au kutofautisha, tulichukue na kulitafutia mwili wa Kiswahili. Linaloficha mtenda, tulikatae hata kama mfadhili amelipigia mstari.

Ule mwongozo niliurudia. Badala ya mazingira magumu nikaandika "waliokosa ardhi baada ya shamba la kijiji kugawiwa mwekezaji, na wajane walionyang'anywa nyumba na ndugu wa mume". Sentensi ilirefuka mno, na ofisi iliniomba niifupishe. Nilikataa.