Majalada ya Porton Down: nani abebe kazi ya kuyatafuta?

Kituo cha utafiti wa silaha za kemikali cha Porton Down, katika eneo la Wiltshire kusini mwa Uingereza, kilianzishwa mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya majeshi ya Ujerumani kufungulia gesi ya klorini kule Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tangu hapo hadi mwaka 1989, zaidi ya wanajeshi 20,000 wa Uingereza walipita pale kama watu wa kujitolea katika majaribio, wengi wakiwa vijana wa miaka 18 hadi 20 na kitu, waliovutiwa na nyongeza ndogo ya mshahara na siku chache za mapumziko. Baadhi yao wamesimulia kwamba waliambiwa wanakwenda kusaidia utafiti wa tiba ya mafua. Wengi wa walio hai sasa ni wazee, na wanachotaka kujua ni mambo machache: nilipakwa au nilivuta kitu gani, kwa kiasi gani, na siku gani?

Hakuna tena anayebisha waziwazi kwamba mtu ana haki ya kuona kumbukumbu zake mwenyewe. Kinachobishaniwa ni kama serikali imalize wajibu wake kwa kumjibu anayeuliza, au iwatafute wenyewe watu iliowafanyia majaribio na kuwaeleza kilichotokea.

Uzito wa jalada la namna hii unaonekana katika kifo cha Ronald Maddison, kijana wa miaka 20 wa jeshi la anga. Tarehe 6 Mei 1953 alidondoshewa miligramu 200 za sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, juu ya kitambaa kilichofungwa mkononi mwake, akafa siku hiyo hiyo. Siku chache kabla yake, askari mwingine aliyepewa miligramu 300 alikuwa amepoteza fahamu, na tukio hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa. Uchunguzi wa kwanza wa kifo hicho ulifanyika kwa siri, ukaamua kwamba ilikuwa ajali. Ilibidi ifike Novemba 2004, baada ya polisi wa Wiltshire kufukua nyaraka kwa miaka kadhaa, ndipo baraza la uchunguzi wa pili likatamka kwamba kijana huyo aliuawa kinyume cha sheria. Ukweli haukubadilika katika miaka hiyo 51. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kusoma karatasi zilizouhifadhi.

Kesi iliyoligusa moja kwa moja suala la majalada ni ya Thomas Roche, aliyekuwa mwanajeshi na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwekwa kwenye majaribio ya gesi ya haradali, kemikali inayobabua ngozi na mapafu, na ya sumu ya mishipa ya fahamu. Alianza kudai kumbukumbu zake miaka ya 1980, zikamjia vipande vipande, nyingine zikijitokeza baada ya yeye kuingia mahakamani. Oktoba 2005, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwa kauli moja ya majaji wote kwamba Uingereza ilivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, kwa kutoweka utaratibu unaofikika na unaofanya kazi wa kumpatia taarifa za hatari alizowekewa. Majaji waliona pia kwamba mtu anayeziomba taarifa hizo kwa muda wote huo hapaswi kulazimika kushtaki ndipo apewe. Serikali ilijitetea kwamba tayari ilikuwa na huduma za kuwasaidia waliopitia Porton Down, lakini huduma hizo zilianza karibu miaka kumi baada ya yeye kuanza kuuliza.

Hata hivyo, si haki kuudharau upande wa pili. Wanaotunza majalada haya wana sababu tatu, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni usalama: kumbukumbu za majaribio zinaweza kueleza namna sumu inavyotengenezwa au inavyopenya mavazi ya kinga, na elimu hiyo bado ni hatari. Sababu hii ni ya kweli, ila inahalalisha kufuta mistari fulani, si kuzuia jalada zima. Askari hahitaji fomula, anahitaji jina la dutu, kipimo na tarehe. Ya pili ni faragha ya wengine, kwa kuwa ukurasa mmoja wa daftari la majaribio unaweza kuwa na majina ya watu kadhaa waliopimwa pamoja. Hilo nalo hutatuliwa kwa kuziba majina.

Sababu ya tatu ndiyo inayonifanya nisite. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha wanajeshi 18,276 waliopitia Porton Down kati ya 1941 na 1989 na wenzao 17,600 ambao hawakupita huko, ukakuta kiwango cha vifo kwa kundi la kwanza kimezidi kwa takriban asilimia 6 tu, huku watafiti wenyewe wakionya kwamba huenda tofauti hiyo haikutokana na kemikali. Katika hali hiyo, barua ya serikali inayomfikia mzee wa miaka 85 bila kutarajiwa, ikimwambia kwamba alipakwa sumu akiwa na miaka 19, inaweza kumpa hofu isiyo na tiba. Kuna watu wasiotaka kujua, na hiyo pia ni haki yao.

Lakini nikiipima hoja hiyo hadi mwisho, naona inatufundisha namna ya kutoa taarifa, haitupi ruhusa ya kukaa kimya. Marekani, ambako askari wapatao 7,000 walitumika katika majaribio ya kemikali ya jeshi kule Edgewood, Maryland, kati ya 1955 na 1975, mahakama imelitaka jeshi liwajulishe wahusika kila taarifa mpya inayoweza kuathiri afya yao. Haikuwaachia wazee hao wakisie lini waulize tena. Barua inaweza kuandikwa kwa upole: kwamba jina lako limo katika orodha ya waliopita kituo fulani, na ukitaka kujua zaidi, huyu hapa mtu wa kuzungumza naye. Uamuzi wa kusoma unabaki kwake, kazi ya kutafuta inahamia kwa mwenye daftari.

Naweka mkazo kwenye kazi ya kutafuta kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Anayeomba hutakiwa kutoa namba yake ya jeshi, kikosi, na tarehe aliyokuwa kituoni. Mzee aliyekaa pale wiki moja tu zaidi ya miaka 60 iliyopita, na aliyeonywa asiseme neno, atazipata wapi tarehe hizo? Akipata nakala, hukuta mwandiko wa mkono, vifupisho na majina ya siri ya dutu, ambayo daktari wake wa mtaani hana namna ya kuyafasiri. Msaada unaostahili jina hilo ni wa mtu atakayekubali kuanza na kidogo alichonacho mwombaji, kama picha ya kikosi au kumbukumbu ya majira ya mwaka, atafute pande zote, kisha amkabidhi nakala pamoja na maelezo ambayo yeye na daktari wake watayaelewa. Na pale daftari lilipokosa kipimo au ukurasa, aambiwe hivyo kwa maandishi, maana jibu la "hatukupata kitu" linaweza kutumika kama ushahidi kwamba hapakuwa na kitu.

Januari 2008 serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni na kutoa pauni milioni 3 kwa wanajeshi wa zamani 360, bila kukiri kwamba inawajibika kisheria. Hao ni wale waliojipanga na kudai. Wengine walikufa bila kuuliza, na sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi inawahusu walio hai peke yao, kwa hiyo mjane au mtoto anayetaka kujua baba alifanyiwa nini hana haki ile ile ya kudai jalada. Anabaki kuomba kwa njia ya sheria ya uhuru wa habari, yenye vizuizi vingi zaidi. Wizara ya Ulinzi haihitaji sheria mpya ili kuwatendea wafiwa kama ambavyo ingewatendea wenyewe. Inaweza kuanza kufanya hivyo kwa uamuzi wake, wakati wajane wengi bado wako hai.